Kiti kinachotikisika: utengeneze au ununue kingine?

Kiungo kilicholegea hakisubiri mfuko wako ujae. Kila mtu anapokaa, ulimi wa mbao unasaga tundu lake, tundu linapanuka, na kazi ambayo leo ingemalizwa kwa gundi kidogo na kamba inageuka kuwa kazi ya kubadilisha mguu mzima. Kwa familia ya Mutarule yenye franka chache na mambo mengi ya kulipia, ushauri wangu ni mmoja: makuta yaliyopo yaende kwanza kwenye viungo na miguu ya kiti, meza na kitanda. Verni, rangi na vitambaa vya kupendeza vingoje zamu yao.

Kuna sababu samani zinalegea upesi huku kwetu. Mutarule iko kwenye tambarare ya Ruzizi, penye joto, na kiangazi chetu cha kuanzia Juni hukausha kila kitu. Mbao nyingi tunazonunua zinashuka kutoka milimani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na mvua nyingi. Ziwa pale Uvira liko karibu mita 770. Ubao uliopasuliwa juu ukashushwa na lori kupitia Kamanyola kwa barabara ya taifa namba 5 unafika ukiwa bado na maji ndani. Fundi anautumia kutengeneza kiti Machi, kinakaza vizuri. Ikifika Agosti maji yametoka, mbao imepungua unene, ulimi umekuwa mwembamba ndani ya tundu lake, na kiti kinaanza kulia.

Kwa hiyo usikimbilie kusema fundi amekuibia. Muulize tu swali hili kabla hujatoa hata franka moja: "Fundi, hii mbao imekaa miezi mingapi tangu ipasuliwe?" Akisita, gusa ubao kwa shavu. Ukiwa wa baridi kuliko mbao nyingine zilizo chini ya kivuli hicho hicho, bado una maji. Shika pia uzito wake, linganisha na ubao wa aina moja na ukubwa mmoja uliokaa muda mrefu. Ubao mbichi unauzwa bei nafuu kidogo, lakini tofauti hiyo utailipa kwenye matengenezo ya mwaka wa kwanza.

Jambo hilo hilo linahusu droo na milango ya kabati. Aprili, mvua ikiwa nyingi, mbao inavimba na droo inagoma. Watu humwita fundi aipige randa. Subiri. Paka sabuni kavu au nta ya mshumaa kwenye reli za droo, vuta taratibu, vumilia hadi Juni. Ukiipunguza Aprili, kiangazi kitakuachia mwanya ambao panya wanapita, na utalipa mara ya pili kuuziba.

Sasa tuhesabu. Bei za Sange si za Luvungi, na za Uvira ni nyingine tena, hivyo chukua tarakimu hizi kama mfano wa hesabu tu, kisha uweke bei za soko lako. Tuseme kiti kipya cha mbao kinauzwa franka 25,000. Fundi anakuambia atakikaza cha zamani kwa 6,000, na inaonekana umeokoa 19,000. Ongeza motari wa kukipeleka na kukirudisha, 4,000. Ongeza visi na gundi ambavyo "havikuwemo kwenye bei", 1,000. Ongeza matabishi ya kijana aliyekishika, 500. Umefika 11,500, karibu nusu ya kiti kipya, kwa kiti kimoja.

Angalia hesabu inavyobadilika ukipeleka viti vinne pamoja, vimefungwa kwenye baiskeli moja ya mzigo kwa franka 6,000 kwenda na kurudi. Kazi ya fundi ni 24,000, usafiri 6,000, jumla 30,000. Kila kiti kimekugharimu 7,500 kabla ya visi na gundi, na hivyo utavinunua mwenyewe kwa bei unayoijua. Ukielewana na jirani mwenye viti viwili vilivyolegea, gharama inashuka zaidi. Na ikiwa fundi anaweza kuja nyumbani na sanduku lake la vifaa, mlipie yeye usafiri: mtu mmoja kwenye pikipiki ni nafuu kuliko meza na viti sita.

Mimi hutumia mpaka huu: kama matengenezo pamoja na gharama zote za pembeni hayafiki nusu ya bei ya kitu kipya, na mbao yenyewe ni nzima, tengeneza. Kama mbao imeliwa, usitengeneze hata ukipewa bei ya bure. Kupima ni rahisi. Chukua ncha ya kisu, sukuma kwenye mguu karibu na sakafu, upande wa nyuma ambako hapaonekani. Ncha ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama kirahisi, ndani ni unga, na gundi haishiki unga.

Kuna gharama nyingine ambazo hazitajwi unapoulizia bei. Samani kubwa mara nyingi hutajwa kwa dola, wewe unalipa kwa franka, na kiwango cha kubadilisha kinachaguliwa na muuzaji. Uliza bei ya franka ya siku hiyo kabla ya kuanza kupatana, na uishikilie. Noti ya dola iliyochanika kidogo, au yenye alama ya kalamu, inakataliwa au inapunguziwa thamani. Ikague unapoipokea, si unapoilipa. Pesa ya simu ina ada ya kutoa, na baadhi ya wauzaji wanataka wewe ndiye uibebe. Tena mkopo: ukichukua kitanda kwa malipo ya polepole, jumlisha malipo yote ndipo ulinganishe na bei ya taslimu. Zamu yako ya likelemba ikikaribia, heri kulala wiki chache zaidi kwenye kitanda cha zamani kilichofungwa vizuri kuliko kulipa nyongeza ya mkopo.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana nyingi unaweza kuifanya nyumbani.

Misumari ndiyo rahisi kuliko vyote na inapatikana kila kibanda. Tatizo lake ni kwamba kwenye kiungo kinachobeba uzito wa mtu, msumari peke yake hutoka taratibu kila anapokaa na kuinuka. Kuongeza wa pili na wa tatu kunapasua mbao, na hapo mguu umekwisha. Kama huna njia nyingine, piga miwili ikiwa imeinama kuelekeana, mbali na ncha ya ubao, na uziponde kidogo ncha za misumari kwa nyundo kabla ya kupiga. Msumari butu huvunja nyuzi za mbao badala ya kuzisukuma kando, hivyo haupasui kwa urahisi. Usinyooshe misumari yenye kutu ukaitumia kwenye kiti cha watoto. Kichwa kikikatika, kinachobaki ni ncha ya kuchana paja.

Visi ni ghali zaidi kwa kimoja kimoja, lakini kwa kiti ninaona vina thamani ya pesa yake. Visi vinne vilivyokaa sawasawa vinashinda misumari kumi na miwili, na kiangazi kikilegeza unakaza tena kwa bisibisi bila kununua kitu. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko kisi chenyewe. Usipotoboa, ubao mgumu kama mkalitusi utapasuka, au kichwa cha kisi kitasagika nusu ya safari. Paka sabuni kavu kwenye nyuzi zake, kitaingia laini. Muuzaji akikupa visi vyeusi vyembamba vya kufungia dari, kataa kwa kazi ya kiti: vimekusudiwa kushikilia tu, na vikivutwa kwa upande hukatika ghafla bila kupinda.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo yenye faida kubwa kwa pesa ndogo, na ndiyo inayoghushiwa kirahisi. Ikiuzwa kwa kupimwa kwenye mfuko wa nailoni, huwezi kujua imeongezewa maji kiasi gani. Weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, bana, kisha achanisha polepole: gundi nzima inavuta nyuzi na kunata, iliyochujuka inateleza kama maziwa. Chupa ndogo iliyofungwa ni ghali kwa kipimo lakini unajua ulichonunua. Angalia tarehe, itikise, na kama kuna mabonge ndani irudishe.

Namna ya kukaza kiungo kwa gundi inastahili maelezo, maana hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea. Kitoe kiungo kabisa. Usimimine gundi kwa nje ukategemea itaingia. Kwangua gundi ya zamani kwenye ulimi na ndani ya tundu mpaka uone rangi ya mbao, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Kama ulimi umekuwa mwembamba, chonga kipande chembamba cha mbao, ukibandike ubavuni mwake ili uingie kwa kubana. Paka pande zote mbili, ingiza, futa inayotoka kwa kitambaa chenye maji. Kisha zungusha kamba kwenye miguu ya kiti mara mbili, pitisha kijiti katikati ya kamba na ukizungushe mpaka ibane kabisa, ukifunge kijiti kisirudi. Acha siku nzima, usiku na mchana, kivulini. Asikae mtu, hata mtoto. Gundi inaonekana kavu baada ya saa moja, lakini ndani bado ni laini, na mtu akikalia mapema kazi yote imepotea.

Baada ya gundi kukauka, ongeza vibao vya pembetatu kwenye pembe za ndani, chini ya kikalio. Mabaki ya mbao kwa fundi yanatosha, na wengi watakupa bila malipo ukinunua kitu kingine. Kibao kimoja kila pembe, kwa gundi na visi viwili. Nikiulizwa ni kipi nifanye kama nina uwezo wa kitu kimoja tu kwa kiti, ni hiki.

Gundi hii nyeupe ina udhaifu mmoja: haipendi maji. Kwa benchi linalokaa nje au meza ya kuoshea vyombo, tumia ile ya chupa mbili zinazochanganywa, ingawa ni ghali na inauzwa zaidi kwenye maduka makubwa ya Uvira. Changanya kiasi kidogo tu, kwa maana ikishachanganywa hairudi kwenye chupa.

Bolti ni kwa kitanda. Kitanda kilichopigiliwa misumari ni nafuu siku ya kununua, lakini hakiwezi kuhamishwa bila kuvunjwa. Kitanda cha bolti nne kubwa kinafunguliwa kwa spana moja, kinafungwa kwenye baiskeli, kinasimamishwa kwingine siku hiyo hiyo. Watu wa tambarare hii wameondoka majumbani mwao kwa haraka zaidi ya mara moja, na Mutarule haijasahau usiku wa tarehe 6 Juni 2014, walipouawa watu wake. Hakuna kitanda kinachostahili kumchelewesha mtu anayekimbia. Lakini familia inayohama kwa utulivu, au inayorudi, ikiwa na kitanda kinachofunguka haianzi upya. Nyongeza ya bolti ninailipa bila kusita. Mwagize fundi aweke kipande cha chuma bapa chini ya kila nati, isizame kwenye mbao, na nati zikazwe kila baada ya miezi mitatu.

Mchwa ndiye adui mkubwa kuliko kulegea, na hapa watu hutumia pesa vibaya sana. Kinga ya kwanza haina bei: vuta kitanda na kabati umbali wa kiganja kutoka kwenye ukuta wa udongo, na inua miguu juu ya mawe bapa. Mchwa anapita kwenye kijia cha udongo. Ukimwachia nafasi hiyo wazi lazima ajenge kijia unachoweza kukiona na kukivunja. Mulika tochi nyuma ya kabati kila Jumamosi. Kagua na sakafu ya udongo katikati ya miguu, kwani wapo wanaotokea chini moja kwa moja.

Wengine husimamisha miguu ya kitanda kwenye makopo yenye maji. Usifanye hivyo. Maji yaliyotuama kwa wiki moja au zaidi yanazalisha mbu, na gharama ya malaria ya mtoto mmoja inanunua mawe ya kijiji kizima. Kopo kavu lililopinduliwa chini ya mguu, lenye ukingo unaotokeza nje, linatosha kumlazimisha mchwa ajionyeshe.

Mafuta machafu ya injini ni nafuu, yanapatikana kwa mafundi wa magari na pikipiki, na ni kweli yanazuia wadudu kwa muda. Yatumie kwenye nguzo za ua, kama huna kingine. Ndani ya nyumba hapana. Yana kemikali zinazoweza kuleta saratani, yanapita kwenye ngozi, na hayakauki kamwe: mtoto analala juu yake, nguo zinachafuka, na gundi yoyote utakayohitaji baadaye haitashika.

Bungua ni shida tofauti. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini chini yake, mdudu yuko ndani. Mafuta ya taa yanayomiminwa humo yanaua walioguswa tu na yanaacha harufu na hatari ya moto. Kwa vipande vyembamba kama chaga za kitanda au mbao za rafu, jua la Ruzizi ni dawa. Vifunike kwa plastiki nyeusi, vianike juu ya mabati kuanzia asubuhi hadi jioni kwa siku kadhaa za kiangazi, ukivigeuza. Joto ndilo linaloua: kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, ya mwaka 2002, inataka mbao za kufungashia mizigo zinazotibiwa kwa joto zipate nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa dakika 30. Mguu mnene wa kabati hautafika joto hilo kwa jua, kwa hiyo usipoteze siku zako. Kama umeshambuliwa sana ubadilishwe.

Kanuni hiyo hiyo inakusaidia kwenye mbao za paleti, ambazo watu hununua kwa bei ndogo wakatengeneza mabenchi na rafu. Tafuta mhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake zilipashwa moto, hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Hizo ziache kwa muuzaji, hata kama ni nafuu. Zisizo na mhuri, au zenye madoa ya mafuta na harufu ya dawa, usiziingize jikoni wala chumba cha kulala. Hesabu pia kazi ya kuzibomoa. Paleti ina misumari mirefu iliyosokotwa, na nusu ya vibao huvunjika vikitolewa, kwa hiyo bei halisi ya ubao mmoja mzima inaweza kuwa mara mbili ya ulivyodhani.

Kunguni wakiingia kitandani, fungua chaga zote uzitoe nje, uzimwagie maji yanayochemka kwenye nyufa, kisha uzianike. Mkaa wa kuchemsha sufuria chache ni gharama ndogo. Dawa ya shamba, ile ya kupulizia nyanya au mpunga, isiguse kitanda. Inauzwa kwa vichupa visivyo na maandishi, inaonekana ya bei rahisi, na mtu analala ameweka pua juu yake kwa saa nane kila usiku.

Sasa verni, rangi na mafuta, ambavyo wauzaji husukuma kuliko kitu kingine. Kazi yake halisi ni kuchelewesha maji kuingia na kutoka kwenye mbao, na hilo lina faida, lakini baada ya viungo kukazwa. Mahali panapohitaji zaidi ni pale ambapo watu hawapaki kabisa: chini ya miguu na kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu mbao hunywa maji kwa ncha zake kuliko kwa ubavu. Kama una kikombe kimoja cha verni, maliza hizo kwanza, ndipo ufikirie uso wa meza.

Mawese hayafai. Hayakauki, yanabaki yananata, yanashika vumbi na baadaye yananuka. Mafuta ya kitani yanakauka yenyewe na ni mazuri, lakini huku hayapatikani kirahisi, na tambara lililoloweshwa nayo likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje likauke. Nta ya nyuki, kama unamjua mrina asali, inayeyushwa kidogo kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto na kupakwa kwa kitambaa. Kwa kiti na meza ya chakula ni nzuri na salama, ingawa huhitaji kurudiwa.

Verni ya kupimwa kwa kikombe mara nyingi imeongezewa petroli ili iwe nyingi. Inapakika upesi, inakauka upesi, na baada ya miezi michache inabanduka. Mbaya zaidi ni mvuke wake. Hakuna aliye Sange asiyejua petroli inaweza kufanya nini; tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililopinduka pale liliwaka na kuua watu zaidi ya 230. Paka nje, mchana, mbali na jiko na taa ya mafuta, na usiweke mabaki chini ya kitanda.

Rangi ya kitanda cha mtoto ningeiacha kabisa. Mtoto anayeota meno hutafuna ubao wa kitanda, na rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwenye kopo lenye maandishi ya Kifaransa tafuta "sans plomb". Rangi iliyomiminwa kwenye chupa ya maji haina maandishi, kwa hiyo huna namna ya kujua. Piga msasa ubao uwe laini, paka nta, inatosha na ni nafuu kuliko rangi.

Ikiwa hesabu yako imeangukia kwenye kununua kipya, linganisha kwa miaka. Kiti cha plastiki ni nafuu, kinapatikana kila soko, mchwa hakigusi, na baada ya mvua kinafutwa tu. Lakini jua linakifanya kiwe kikavu, mguu unapasuka ghafla mtu akiwa amekaa, na kikishapasuka hakina fundi wa kukirudisha imara. Kwa mgeni wa Jumapili kinafaa. Kwa mzee mzito anayekaa nje siku nzima sikipendekezi. Kama cha plastiki ni 15,000 na kinakaa miaka miwili, na cha mbao ni 25,000 na kwa kukazwa kila mwaka kinafika miaka minane, cha mbao ni nafuu hata ukiongeza gundi na visi.

Kabati la mbao za unga uliogandamizwa, lile linalokuja likiwa na ngozi ya kung'aa, linavutia macho na bei yake hupungua upesi ukisita. Lisinunuliwe kwa nyumba ya sakafu ya udongo. Likigusa maji linavimba na halirudi. Mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020 yalilowesha samani za kila aina. Za mbao halisi zilizooshwa matope zikakaushwa polepole kivulini zinaweza kukazwa tena, lakini unga uliogandamizwa ukishavimba ni wa kutupa. Visi navyo vikitoka mara moja kwenye ubao wa namna hiyo havishiki tena. Tripleksi ni afadhali kwa mgongo wa kabati, mradi kingo zake zipakwe verni.

Kwa mbao halisi, mvule ina moyo mgumu ambao mchwa huuacha, na libuyu, ile mbao nyekundu ya msituni, inafanya kazi nzuri. Zote mbili ni ghali. Mkalitusi ni wa bei ya chini, una nguvu, ila unajipinda na kupasuka kama haukukauka vizuri. Kwa kitanda cha mkalitusi mkavu sina pingamizi. Kwa bei yoyote, geuza ubao utazame ukingo: sehemu nyeupe ya nje ndiyo wadudu wanayoianza. Muuzaji akikuuzia mvule yenye nusu nyeupe, unalipa bei ya mvule kwa mbao itakayoliwa kama nyingine yoyote. Na uchague mwenyewe ubao wa miguu, usimwachie mtu.

Kwa fundi, usilipe yote mwanzoni. Nusu ya kununulia mbao, sehemu nyingine kazi ikiwa imesimama bila kupakwa chochote ili uone viungo, na kiasi kilichobaki baada ya kukikalia. Sema wazi mbele ya shahidi nani analipia visi, gundi, usafiri na mabaki ya mbao. Ombi la kukaza bure kiangazi cha kwanza ni la haki, na fundi mzuri hakatai.

La mwisho ni kabati refu. Watoto hupanda droo kama ngazi, na kabati likiwaangukia madhara yake ni makubwa. Kisi hakishiki kwenye ukuta wa udongo, kwa hiyo toboa sehemu ya juu nyuma ya kabati, pitisha waya au kamba ya nailoni, uifunge kwenye mti wa paa. Kama huna kamba leo, shusha vitu vizito, mifuko ya unga na vyungu, kwenye rafu ya chini kabla ya watoto kurudi kutoka shuleni.